Kilomita 21 kwa Mwendo wa Kuamkiana

Kijijini, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu hushtuka. Huacha majembe yao wakauliza: "Kuna nini? Kuna msiba? Nyumba inaungua?" Mtoto akikimbia hakuna anayeuliza. Lakini baba au mama mwenye miaka 40 hakimbii bila sababu. Akikimbia bila sababu, watu watacheka.

Siku hizi sababu ipo. Katika miaka ya karibuni watu wengi nchini wamejiingiza katika mbio ndefu. Moshi kuna mbio za Kilimanjaro Marathon. Kwetu Mbeya zimekuwa zikifanyika mbio ziitwazo Tulia Marathon. Wanaokimbia huko wengi si wanariadha. Ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa sokoni, waendesha bodaboda na wakulima. Wengine wana mvi. Hawatafuti medali ya dhahabu. Wanataka kufika mwisho wakiwa wazima, na njiani wafurahi.

Makala haya yanaeleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kukimbia nusu marathoni kwa raha.

Umbali wenyewe

Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulipimwa mwaka 1908 katika mashindano ya Olimpiki ya London, Uingereza. Baadaye, mwaka 1921, ukakubaliwa kuwa ndio urefu wa marathoni duniani kote. Nusu yake ni kilomita 21 na karibu mita 100.

Wasomaji wa Iringa wanaijua Isimila, mahali zilipopatikana zana za mawe za watu wa kale. Kutoka Iringa mjini hadi Isimila ni kiasi cha kilomita 20. Basi nusu marathoni ni kama kwenda Isimila na kuongeza kidogo. Msomaji wa Mbeya afikirie safari ya kutoka mjini hadi Uyole na kurudi. Ni karibu hivyo hivyo.

Umbali huo hautishi watu wetu. Mama anayepeleka maharage mnadani anaweza kutembea mbali kuliko huo, tena na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Kinachowashinda watu ni mwendo. Mimi mwenyewe ulinishinda.

Siku niliyoshindwa kusema "Shikamoo"

Nilijiandikisha katika mbio za kilomita 21 nikiwa na miaka 30 na kitu. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa wiki 3 tu. Nilidhani zinatosha, kwa sababu kazi yangu ya kutembelea madarasa ya watu wazima hunitembeza sana.

Asubuhi ya mbio tulipanga mstari. Filimbi ilipolia, vijana walitoka kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Mimi nikatoka nao. Kilomita ya kwanza niliimaliza kwa dakika 5. Nikajiona shujaa. Watu wa kando ya barabara walipiga makofi, nami nikaongeza mwendo. Makofi ni kitu kibaya sana kwa mtu asiyejua mwendo wake.

Kilomita ya 9 nilianza kusikia mapaja yakiwaka moto. Kilomita ya 13 miguu ilikuwa kama imefungwa mawe. Nikaenda pembeni, nikaketi chini ya mti. Nilikuwa nahema kama mfua vyuma anayevuta mivukuto.

Hapo akapita mama mmoja. Namfahamu, alikuwa mwanafunzi katika mojawapo ya madarasa yetu ya jioni. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Alikuwa akikimbia polepole pamoja na mwenzake, wakizungumza habari za bei ya maharage. Nikataka kumwamkia. Nikasema "Shi...", pumzi ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Yeye akaitikia "Marahaba, mwalimu, pole na safari," kwa sauti ileile ambayo mtu huitumia akiwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake. Akaendelea na habari za maharage.

Alifika nusu saa nzima kabla yangu. Mimi niliingia nikitembea, nikichechemea, na kwa siku 4 nilishuka ngazi kwa kurudi nyumanyuma.

Baadaye nilimwuliza siri yake. Alinijibu kwamba hana siri. Alisema yeye hukimbia kwa mwendo ambao akikutana na mtu anaweza kumwamkia, akamwuliza habari za watoto, na akaitikia akiulizwa. Akiona salamu inamshinda, anapunguza. Basi.

Kipimo cha salamu

Nimesoma maelezo mengi ya mbio tangu siku ile. Wataalamu wana saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, na vipimo vingine vingi. Lakini wao pia humwambia mkimbiaji wa kawaida jambo lilelile alilosema yule mama: kimbia kwa mwendo unaoweza kuzungumza.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kipimo kizuri zaidi, kwa sababu salamu zetu ni ndefu. Ukipita Iringa au Njombe utasikia "Kamwene", na ukiitikia salamu haijaisha. Bado habari za nyumbani, za watoto, za shamba. Rungwe utaamkiwa "Ugonile", na huko pia hakuna haraka. Ukiweza kumaliza salamu ya namna hiyo huku unakimbia, bila kukata neno katikati, mwendo wako ni mzuri. Ukiweza kusema maneno mawili matatu tu kisha unavuta hewa, umezidisha. Ukishindwa kabisa, unaelekea chini ya mti wangu.

Kuna upande wa pili. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila shida, basi unaweza kuongeza kidogo. Lakini hilo si la lazima.

Kwa hesabu, mwendo huo ni kiasi gani? Watu hutofautiana. Wengi wanaoanza hutumia kati ya dakika 7 na 9 kwa kila kilomita. Tufanye hesabu pamoja. Dakika 8 mara kilomita 21 ni dakika 168. Hizo ni saa 2 na dakika 48. Anayekwenda kwa dakika 9 atatumia saa 3 na dakika 9. Tofauti kati yao ni kama muda wa kusubiri chai ichemke na kuinywa.

Mabua na gogo

Kwa nini mwendo wa polepole unamfikisha mtu mbali? Tuangalie jikoni.

Ukiwasha moto kwa mabua ya mahindi, unawaka kwa nguvu. Lakini sufuria haijachemka, mabua yamekwisha. Ukitia gogo, moto wake ni wa taratibu, na unakesha. Mwili wetu nao una kuni za namna mbili. Kuna sukari inayotokana na ugali, viazi, ndizi na wali. Sukari hiyo huwekwa akiba katika misuli na katika ini. Hiyo ni kama mabua. Pia kuna mafuta yaliyomo mwilini. Hayo ni kama gogo. Hata mtu mwembamba ana mafuta ya kumtosha kwa safari ndefu sana.

Ukikimbia kwa nguvu nyingi, mwili unatumia sukari zaidi. Akiba hiyo inaweza kwisha baada ya saa 1 na nusu au 2 hivi. Ikiisha, miguu inakuwa mizito, kichwa kinazunguka, na mtu anataka kulia bila sababu. Ukikimbia polepole, mwili unachoma mafuta kwa wingi na sukari kidogo kidogo. Hapo akiba inakufikisha mwisho. Na kama vile gogo haliwaki bila mabua ya kuwashia, mafuta nayo yanahitaji sukari kidogo ili yawake vizuri. Ndiyo maana mtu hapaswi kukimbia mbio ndefu akiwa na njaa.

Moyo nao unafaidika. Moyo ni msuli, na msuli hupata nguvu kwa kazi ya kiasi inayorudiwa mara kwa mara. Moyo uliozoezwa hivyo hupiga mara chache zaidi mtu anapopumzika, kwa sababu kila pigo lina nguvu. Mazoezi ya namna hii husaidia pia kupunguza presha na kuzuia kisukari. Wazee wetu walipokusanyika kwenye redio mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, walijifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Magonjwa hayo hayajatuacha, lakini sasa yameongezeka na haya mengine, hasa kwa sisi tunaokaa ofisini na madukani, na kwa mkulima aliyenunua pikipiki na kuacha kutembea.

Hata mabingwa hupima mwendo

Usidhani mwendo ni jambo la wanyonge tu. Juma Ikangaa alikuwa mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa Tanzania. Mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York, Marekani, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Mwaka 1990 alikimbia Boston, hukohuko Marekani. Njia ya Boston huanza kwa mteremko mrefu, na vilima huja baadaye. Ikangaa na wenzake wa mbele waliuteremka mteremko ule kwa kasi kubwa sana. Nyuma yao alikuja Gelindo Bordin wa Italia, akiwa ametunza nguvu zake. Kwenye vilima alimpita. Bordin alishinda. Ikangaa akawa wa pili kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 52, muda ambao wakimbiaji wengi wa dunia wanaweza kuuota tu.

Mwingine ni Alphonce Simbu. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 alikuwa Tokyo, Japani, katika mashindano ya dunia. Siku ile kulikuwa na joto. Simbu alikaa katika kundi bila kukimbilia mbele. Mwishoni alibaki nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani. Akampita kwenye mstari wenyewe wa kumalizia. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ilibidi picha itazamwe ili kujua nani ametangulia. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo.

Simbu alikwenda kilomita moja kwa dakika 3 na sekunde chache. Wewe usijaribu. Lakini alichokifanya, yaani kutunza nguvu mwanzoni ili zimfae mwishoni, hicho unaweza.

Na ukiogopa kuwa wa mwisho, mkumbuke John Stephen Akhwari. Mwaka 1968 alituwakilisha Olimpiki huko Mexico City, mji ulio juu kuliko Mbeya, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Alianguka akaumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alifika kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa 1 baadaye, goti limefungwa bendeji. Alikuwa wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Jina lake bado linatajwa duniani, na walio wengi hawakumbuki nani alikuwa wa pili. Hata hivyo, mimi sikushauri ukimbie na goti lililoumia. Yeye alikuwa Olimpiki. Wewe kesho una shamba.

Milima yetu

Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa ni zaidi ya mita 1,500. Mahali palipo juu hewa ni nyepesi. Kila pumzi unayovuta ina hewa safi kidogo kuliko pumzi ya mtu aliyeko Dar es Salaam. Kwa hiyo moyo na mapafu hufanya kazi zaidi.

Sisi tuliozaliwa huku tumezoea. Lakini mgeni akija, au ndugu akipanda kutoka Kyela, ambako ni karibu mita 500 tu, atahema mapema. Asione aibu. Akae siku kadhaa, na siku ya kukimbia aende polepole kuliko anavyokwenda kwao.

Kisha kuna vilima. Anayetoka Ipogolo, kwenye mto Ruaha Mdogo, kupanda Iringa mjini anakijua kilima. Namna ya kukipanda tumeshaijua tangu utoto. Mtazame msichana anayepanda kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani. Hatua zake ni fupi. Mgongo umenyooka. Hatazami kileleni, anatazama hatua chache mbele. Hakimbilii, wala hasimami. Mkimbiaji apande hivyohivyo. Kama kilima ni kikali, atembee. Kutembea si kushindwa. Yule mama aliyenipita hutembea kila kilima kikali, na huwapita watu wengi baada ya kilima, kwa sababu wao wamechoka na yeye hajachoka.

Mteremko unadanganya zaidi. Pumzi inakuwa rahisi, mtu anajiachia. Lakini kila hatua ya mteremko miguu inafanya kazi ya breki. Maumivu ya mapaja yaliyonitesa siku 4 yalitoka zaidi kwenye miteremko kuliko kwenye vilima. Shuka kwa hatua fupi na nyepesi, magoti yamekunjwa kidogo.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Wakimbiaji hujikwaa hata wakienda pole, barabara zetu zina mawe. Tazama chini.

Miezi 4 ya kujitayarisha

Jipe miezi 4. Mtu ambaye hajakimbia tangu aache shule asianze kwa kukimbia kilomita 5. Mwezi wa kwanza kimbia siku 3 kwa wiki, nusu saa tu kila siku. Kimbia dakika 2, tembea dakika 2, hivyo hivyo mpaka nusu saa iishe. Utaona ni kidogo sana. Iache iwe kidogo. Moyo na mapafu huzoea mapema, lakini mifupa, magoti na mishipa ya nyuma ya kisigino huchelewa kuzoea. Watu wengi huumia wakati pumzi imeshapatikana na miguu bado.

Mwezi wa pili ongeza muda wa kukimbia, punguza wa kutembea. Kimbia dakika 5, tembea 1. Chagua siku moja katika wiki iwe ya safari ndefu. Wengine huchagua Jumamosi asubuhi, wengine Jumapili baada ya ibada. Anza na kilomita 6 au 7. Wiki inayofuata ongeza kilomita 1. Kila baada ya wiki 3, punguza kwa wiki moja ili mwili upone. Endelea hivyo mpaka ufike kilomita 16 au 17. Huhitaji kukimbia kilomita 21 kabla ya siku yenyewe. Fanya safari yako ndefu kuliko zote wiki 3 kabla ya mbio, kisha punguza. Wiki ya mwisho kimbia kidogo tu, ulale mapema.

Mkulima ahesabu na kazi ya shamba. Ukilima kutwa, umeshafanya mazoezi. Usikimbie safari ndefu kesho yake. Wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna mazoezi yatapungua, na hakuna ubaya. Mahindi hayangoji.

Utapimaje kilomita bila chombo? Mwombe mwendesha bodaboda akupimie kwa mita ya pikipiki yake. Kilomita 3 kwenda na 3 kurudi ni 6. Tafuta njia ya vumbi, kwani ni laini kwa magoti kuliko lami, na haina malori. Barabara kuu ya kwenda Tunduma ina malori mchana na usiku. Ikibidi uipite, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja mbele yako, na usikimbie gizani.

Mambo ya vicheko nayo tuyaseme. Watoto watakufuata wakipiga kelele. Majirani watauliza kama umechanganyikiwa. Kina mama hupata taabu zaidi, maana kuna wanaosema mwanamke aliyeolewa hakimbii barabarani. Dawa niliyoiona ni kukimbia kikundi. Mtu mmoja akikimbia ni kichekesho. Watu 6 wakikimbia ni mazoezi. Tena kikundi kinasaidia kipimo cha salamu, kwa sababu mna mtu wa kuzungumza naye. Kuhusu mavazi, kila mtu avae anavyoona ni heshima kwake. Nimeona kina mama wakikimbia na suruali ndani na kanga juu, na hawakuchelewa.

Viatu, chakula na maji

Viatu vizuri ni raba zisizobana. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia kwa muda mrefu. Usivae viatu vipya siku ya mbio. Vitakutoa malengelenge. Paka mafuta mazito mahali ngozi inaposuguana, kama mapajani na kwapani. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi zetu zina baridi kali, kwa hiyo anza na sweta unaloweza kulifunga kiunoni.

Usiku wa kuamkia mbio kula chakula ulichozoea: ugali, wali au ndizi. Usijaribu chakula kigeni. Ulanzi na pombe nyingine ziache mpaka kesho yake. Asubuhi, saa 2 au 3 kabla ya kuanza, kunywa uji au kula ndizi mbivu na chai.

Njiani kunywa maji unaposikia kiu, kidogo kidogo. Kuna watu wanaokunywa maji mengi mno wakidhani ndiyo nguvu. Maji yakizidi sana hupunguza chumvi katika damu, na hilo linaweza kumwangusha mtu, hata kumwua. Kiu yako inakutosha kuwa mwongozo. Anayekwenda kwa saa 3 anaweza kula ndizi mbivu au kipande cha mua katikati ya safari.

Wa kupita zahanati kwanza

Kama una miaka zaidi ya 40, au una presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, pita zahanati kabla ya kuanza mazoezi. Kupima presha huchukua dakika chache. Mama mjamzito amwulize muuguzi. Mwenye homa asikimbie kabisa, hata kama ameshalipia mbio. Malaria na mbio haviendi pamoja.

Ukiwa njiani ukasikia maumivu ya kifua, au kizunguzungu, au moyo unapiga ovyo, simama na uite msaada. Uchovu wa kawaida hupungua ukitembea. Dalili hizi usizipuuze hata zikipungua. Usione haya kusimama. Mbio zitakuwapo tena mwaka ujao.

Safari yangu ya pili

Mwaka uliofuata nilijiandikisha tena. Nilijitayarisha miezi 4. Siku ya mbio nilisimama nyuma kabisa ya watu, karibu na yule mama na mwenzake. Filimbi ilipolia vijana waliondoka kama mbuzi. Miguu yangu ilitaka kuwafuata. Mama akaniambia, "Mwalimu, waache. Tutawakuta."

Kilomita 5 za kwanza niliona aibu, kwa sababu watu wote walitupita. Kilomita ya 10 hakuna aliyetupita. Kuanzia ya 14 tukaanza kuwapita sisi. Nilijifunza mengi kuhusu maharage siku ile: mbegu zipi zinaiva mapema, nani analipa vizuri, na kwa nini usiuze yote mwezi wa kuvuna. Tulimaliza kwa saa 2 na dakika 50. Nilitembeatembea kidogo, nikanywa togwa, na kesho yake nilishuka ngazi kama watu wengine.

Karibu na kilomita ya 16 tulimkuta kijana ameketi kando ya barabara, ameshika magoti. Alipomwona mama akanyanyua uso ili amwamkie.

"Shi...", akasema.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia. "Pumzika kwanza, kisha uje taratibu."

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika kijiji chenu watu husema nini wakimwona mtu mzima anakimbia? Wanasemaje akiwa mwanamke?

2. Mtu anakwenda kilomita moja kwa dakika 7. Atatumia muda gani kwa kilomita 21?

3. Kwa nini mwandishi aliumia mapaja zaidi kwa sababu ya miteremko?

4. Tajeni njia iliyo karibu nanyi yenye kilomita 3, isiyo na malori. Nani atawapimia?